Likizo Iliyomchukua Akylai

Ninyi kina mama mnaosimama langoni mwa shule mwishoni mwa Mei na kusema, "Afadhali, tumepumzika kufua sare," nawaandikia ninyi. Hasa wewe mwenye mtoto wa darasa la kwanza au la pili, mume wako Urusi, na wewe unatoka kazini jua limeshazama. Usifurahi haraka. Miezi mitatu kwa mtu mzima ni kitu kinachopita. Kwa mtoto wa miaka saba ni maisha mengine kabisa, na akishayaishi hayo mengine hakuna anayekuahidi kwamba atarudi kwenye yako.

Mimi naitwa Anarkul. Nashona sare za shule hapa Naryn, katika chumba kilichokuwa duka la viatu, na wanawake wenzangu na cherehani zetu. Mwaka mzima kazi ni ya kubahatisha: pazia hapa, zipu pale. Shule zikifungwa ndipo tunapokabwa koo, maana kila mtoto anataka sare mpya kabla ya kengele ya Septemba mosi. Kwa hiyo wakati watoto wa watu wako huru, mimi siwezi kuinua kichwa. Nimewavika watoto wa mji huu, na wa kwangu sikuwa na mtu wa kukaa naye.

Wa kwangu ni Akylai. Ni kifungua mimba.

Kwetu sisi Wakirgizi mtoto wa kwanza ana wenyewe. Wazazi wa mume wakimtaka, humchukua wakamlea kama mtoto wao wenyewe, na mama aliyemzaa hunyamaza akazaa wengine. Siku hizi watu wa mjini husema hayo ni ya zamani. Akylai alipolazwa susuni, kitanda cha kubembezea mtoto, kwa mara ya kwanza, ndugu walikusanyika, kondoo akachinjwa, na mume wangu Samat akamwambia mama yake kile ambacho kila mwanamume husema siku hiyo: "Mama, huyu ni wako." Ni adabu tu. Hata mgeni akisifu kofia yako utamwambia aichukue, naye hatachukua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Mkamwana, wazee wa mume wakitajwa mbele ya watu, huinama. Nikainama. Mama mkwe akanibariki, "Uzeeke na furaha, mwanangu," na watu wakaendelea kula.

Jina la mama mkwe sitaliandika, maana mkamwana hataji. Ni mwanamke mwembamba, mwepesi wa miguu, aliyezaa wana watano na kuwaona wote wakipanda basi la kwenda Urusi, mmoja baada ya mwingine. Kila kiangazi yeye na baba mkwe hupanda na mifugo hadi malisho ya juu ya Kara-Kujur, wakasimamisha hema la sufu, wakakamua farasi. Katika haya ninayoandika, sijasema ni mtu mbaya. Mkisoma mkidhani hivyo, onyo langu litakuwa limepotea bure.

Akylai alipomaliza darasa la kwanza, Samat alipiga simu kutoka Urusi. "Utamfungia chumbani na nani? Mpeleke kwa mama. Anywe maziwa, apate damu." Na kweli mtoto alikuwa amepauka. Majira ya baridi Naryn ni moshi wa makaa ya mawe toka Oktoba, mtoto anakohoa mpaka analia. Nikampeleka. Aliporudi alikuwa na mashavu mekundu kama tufaha, anajua kupanda farasi bila tandiko, anajua kuviringisha vidonge vya maziwa makavu kiganjani. Kusoma alikuwa amesahau. Mwalimu wake aliniita: "Mama Akylai, huyu namwanza upya. Lakini usijali, wote nawaanza upya. Septemba yote hufundisha nilichofundisha Aprili."

Kiangazi cha pili alichelewa kurudi kwa sababu ya kukata majani ya farasi. Nilimpokea stendi, nikamkumbatia, ananuka moshi wa samadi na sufu. Akaniambia, "Wifi, nimekuletea siagi."

Shangazi yake Samat aliyemleta alicheka mpaka akashika mbavu. "Umesikia? Wifi! Kwa bibi yake anamwita bibi 'mama', sasa wewe si mke wa kaka yake?"

"Mimi mama yako," nikamwambia Akylai.

"Najua," akasema. "Mama wa Naryn."

Watu wa stendi nao wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje? Siku chache baadaye akarudia kuniita mama kama kawaida. Lakini toka hapo, kila Mei ilipokaribia, nilianza kuhesabu siku.

Ndiyo maana mwaka aliokuwa darasa la tatu, mwalimu mkuu Zuurakan alipoitisha mkutano wa wazazi, nilifunga cherehani mchana kweupe nikaenda. Habari ilikuwa imeshatangulia: shule yetu ilikuwa imeruhusiwa kujaribu kalenda mpya. Watoto wasome mwaka mzima, na likizo igawanywe vipande vidogo vidogo, ya kiangazi isizidi wiki chache.

Ukumbi ulijaa. Mwalimu mkuu alieleza vizuri, taratibu, kama anayemlisha mgonjwa. Kabla hajamaliza, Emilbek, baba mwenye kondoo wengi kuliko maneno ya adabu, alisimama na kofia yake kichwani.

"Mwalimu, kondoo wangu wanauliza."

"Wanauliza nini, Emilbek?"

"Wanauliza kama na wao wakae darasani Julai. Maana mchungaji wao ndiye huyo mnataka kumfungia."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bibi mmoja akadakia, "Watoto wetu wana miezi tisa ya moshi na baridi. Mungu katupa miezi mitatu ya majani, nanyi mnataka kuikata vipande kama soseji!"

"Na sisi walimu tupumzike lini?" akauliza mwalimu kijana aliyeketi nyuma. "Nina viazi vya kulima. Mshahara wangu si unaujua, mkuu."

Mwalimu mkuu akasema, "Na wanaorudi Septemba hawajui hata jina lao kuandika? Hao niwafanyeje?"

"Mimi baba yangu hakujua kuandika jina lake na alikuwa na farasi arobaini," akasema Emilbek.

"Na wewe unajua kuandika na unao wangapi?"

Hapo alichekwa yeye. Akaketi. Nami, sijui nguvu nilitoa wapi, nikasimama.

Niliwaambia ninayowaambia ninyi sasa. Kwamba si kila mtoto ana mchungaji wa kwenda naye. Kwamba tulio mjini tunafanya kazi kiangazi kuliko msimu wowote, na mtoto tunamtoa mikononi kwa kukosa pa kumweka, si kwa kupenda. Kwamba mtoto anarudi kasahau kusoma, hilo mwalimu atalirekebisha, lakini anarudi kasahau na mengine ambayo hakuna mwalimu wa kuyafundisha upya. Sikumalizia vizuri.

Nasipa, jirani yangu wa ghorofa ya chini, hakunyanyuka hata kwenye kiti. "Jamani, tusizunguke. Anarkul anamwogopa mama mkwe wake. Sasa shule nzima isome Julai ili mkamwana mmoja apate kulala usingizi?"

Walicheka kuliko walivyomcheka Emilbek. Mwanamke akisema juu ya mama mkwe, kwetu ni kichekesho siku zote. Mikono ikanyooshwa. Waliotaka kalenda mpya tulikuwa kikundi kidogo upande wa dirishani, wengi wetu ni wa karakana na wa sokoni. Mwalimu mkuu alihesabu mara moja tu. Hapakuwa na haja ya kurudia.

Mama mkwe alikuja mwenyewe safari hiyo kumchukua Akylai. Nilimpikia, nikamwinamia, nikamkalisha mahali pa heshima. Nikasema, "Mama, nakuomba kitu kimoja. Mwaka huu anaingia darasa la nne. Asichelewe kengele ya kwanza."

Alikuwa anakunja nguo za Akylai, anazinusa moja moja. "Mkamwana, mtoto hapotei malishoni. Hupotea mjini."

"Sijasema atapotea, mama."

"Basi usiseme."

Akylai alikuwa ameshaketi garini, anapiga piga kioo. "Haraka, haraka! Farasi wangu atakuwa kazaa!" Hakunipungia mkono mpaka nilipompungia mimi.

Kule juu simu haishiki. Ukitaka kupiga unapanda kilima, na nani apande kilima kila siku kwa ajili yangu? Juni walipiga. Julai walipiga mara moja, upepo mwingi, nikasikia mtoto anacheka na mtu mwingine. Agosti hawakupiga. Mimi nilikuwa cherehanini. Nilimshonea sare yake mwisho wa foleni, baada ya za wateja, kola nyeupe, pindo refu la kushusha baadaye. Tepe nyeupe za nywele nilinunua kubwa kuliko mwaka uliopita, kwa sababu alikuwa anataka zifanane na za wasichana wakubwa.

Septemba mosi nilikwenda kwenye uwanja wa shule na maua mkononi, nikidhani labda watamleta moja kwa moja. Watoto walipangwa mistari. Kengele ikalia. Mwalimu wa darasa la nne alinitazama, akatazama maua, akageuka upande mwingine.

Kesho yake niliomba ruhusa nikapanda gari la kwenda Ak-Bulak, kijiji ambako mama mkwe hushuka baada ya kiangazi. Njiani nilijiambia: ni majani tu, mwaka huu mvua ilichelewesha majani. Nikajiambia: mtoto ana homa. Fikirini, nilikuwa naombea homa.

Sikufika nyumbani kwao. Gari lilipita mbele ya shule ya kijiji saa ya mapumziko, nami nikamwona. Alikuwa na sare, amesimama na wasichana wawili wanagawana mkate. Tepe hazikuwepo, nywele alikuwa amesukwa misuko mingi myembamba, mtindo wa zamani, mkono wa bibi. Nikamsimamisha dereva.

"Akylai!"

Akaja mbio, na hilo nalikumbuka, alikuja mbio. Akanishika kiunoni. "Umekuja! Utalala kwetu?"

"Kwetu," ndivyo alivyosema. Nikatoa sare kwenye mfuko, nikampima begani hapo hapo mbele ya wenzake. Mikono ya sare ilikomea juu ya vifundo vyake. Nilikuwa nimemshonea yule niliyemjua Mei.

Nyumbani baba mkwe alikuwa anafunga uzio. Aliponiona alisalimia, akachukua nyundo yake akaenda upande wa pili wa nyumba. Mama mkwe alinikaribisha ndani, akanimiminia chai, akapanga mkate na siagi. Nikasema mimi.

"Mama, nimemfuata mtoto. Shule imeanza."

"Na yeye ameanza. Hukumwona?"

"Ameanza hapa?"

"Mwalimu wa hapa ni mzuri. Hesabu anajua." Akasogeza sahani. "Kula, umetoka mbali."

"Mama, Akylai ni wa Naryn."

"Akylai ni wa ukoo huu. Samat alinipa mbele ya watu. Nawe ulikuwa hapo na birika, ukainama. Nani alikushika kichwa?"

"Niliinama kwa heshima!"

"Na mimi nilipokea kwa heshima." Sauti yake haikupanda. "Miaka yote sikusema kitu. Alikuwa mdogo, ana ziwa lako. Nikasubiri. Nikaona kila kiangazi unamleta mwenyewe, na mfuko wa nguo. Mtu anayetaka mtoto wake humkalia, mwanangu. Asiyekuwapo na lake halipo."

"Nilimleta kwa sababu shule imefungwa na mimi niko kazini!"

"Mimi sikukuuliza sababu," akasema. "Niliona tu kwamba unamleta."

Nilimpigia Samat, nimesimama nje kando ya zizi ili simu ishike. Alikuwa juu ya jengo, nasikia nyundo na watu wanaitana Kirusi.

"Anarkul, sikiliza. Mama amebaki na mzee tu. Wana watano, hata mmoja hayuko. Nimpokonye na mjukuu?"

"Ni binti yako, Samat."

"Kwani amekwenda wapi? Si yuko kwa mama? Tutazaa mwingine, huyo atakuwa wako."

"Utazaa na nani, kwa simu?"

Akakata. Au ilikatika. Sikupiga tena.

Akylai alirudi kutoka shule, akatupa begi, akala mkate amesimama. Nikamshika mkono nikamtoa hadi kwenye mto mdogo nyuma ya nyumba. Najua kuna kina mama watakaosoma hapa waseme, "Mimi ningembeba tu nikapanda naye gari." Na mimi nilifikiri hivyo njia nzima. Ana miaka kumi kasoro. Si mzigo wa kubebwa.

"Mama," nikamwambia, jinsi mtu anavyomwita mwanawe kwa kubembeleza, "twende nyumbani. Mwalimu anakuuliza. Kiti chako kiko karibu na dirisha."

Alitupa jiwe majini. "Apa atalia." Apa kwetu ni mama; alimaanisha bibi yake.

"Na mimi je?"

Alinitazama, kwa huruma hasa, kama watu wazima wanavyomtazama mgeni aliyepotea njia. "Wewe unashona," akasema. Kisha, kwa sababu ni mtoto mwenye akili na anapenda mambo yaeleweke, akaniuliza: "Nikirudi, shule ikifungwa tena nitakaa na nani?"

Nilifungua mdomo. Wenzangu, nilifungua mdomo nikatafuta mtu wa kumtaja. Nasipa? Yeye ana watoto wanne na ulimi wake. Karakana? Mwenye karakana alishasema mtoto akionekana kwenye cherehani, mama yake asirudi. Mama yangu mzazi amefariki. Mlango wa kufungiwa na ufunguo? Tulifanya hivyo wiki moja alipokuwa na miaka saba, na bado anaiota.

"Nitatafuta," nikasema.

"Kila mwaka unasema utatafuta." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anatafuta jiwe jingine la bapa. "Hapa sihitaji kutafutiwa. Na nikikaa hapa moja kwa moja sitasahau kusoma, kwa sababu sitakuwa nahama hama. Mwalimu wa hapa kasema."

Kila alichosema nilikuwa nimekisema mimi mwenyewe, ukumbini, mbele ya watu wakicheka. Mtoto asivunjwe vunjwe. Asitolewe huku akapelekwa kule. Awe na mahali pamoja mwaka mzima. Alikuwa amepata.

Niliondoka na gari la jioni. Mama mkwe alinifungia nyama na siagi, akanisindikiza hadi barabarani, na gari lilipokuja mwili wangu uliinama wenyewe. Hata hilo siwezi kulizuia. Akanibariki.

Sasa Akylai huja Naryn likizo fupi ya Novemba, hukaa siku kadhaa kama mgeni mwenye adabu. Husaidia kuosha vyombo bila kuambiwa. Huuliza kabla ya kufungua kabati. Ananiita wifi mbele ya watu, na tukiwa wawili hataji chochote, husema tu "wewe". Anasoma vizuri mno. Sijawahi kusikia mtoto anayesoma vizuri hivyo. Siku ya kuondoka huamka mapema kuliko mimi, na begi lake limeshafungwa.

Kina mama, mtu akisema juu ya mtoto wako "huyu ni wako", hata kwa adabu, hata mume wako, weka birika chini useme hapana. Utaonekana huna malezi. Onekana. Na kama huna wa kukaa na mtoto kiangazi, usingoje Mei kuanza kutafuta. Shikaneni kina mama watatu wanne, mmoja akae nao leo, mwingine kesho, hata kama mtapunguziwa kazi. Mimi sikufanya hivyo, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani ni aibu yake peke yake.

Mei iliyopita mwalimu mkuu Zuurakan aliitisha tena mkutano juu ya kalenda. Nikafunga cherehani nikaenda. Emilbek alileta mzaha ule ule wa kondoo, na bibi yule akazungumza juu ya majani. Safari hii watu hawakucheka sana. Wa upande wa dirishani, wengine wamesimama kwa kukosa viti, walikuwa wengi kuliko kwanza. Ilipofika kura, wanaotaka likizo fupi wakaambiwa wanyooshe mkono, nami nikanyoosha juu kabisa, hadi bega likauma.

Mwalimu mkuu alihesabu mstari kwa mstari. Aliponifikia kidole chake kilisita. Akainamisha macho kwenye meza, akaruka, akaendelea na anayefuata.

Nasipa alikuwa ameketi kando yangu. Hakuwa na mzaha. Aliniegemea akaninong'oneza, "Dada, shusha mkono. Wanahesabu wenye watoto."